Redio ya gari inawaka ila sauti hakuna: wadau wa Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Mgebuka Mkavu (Mwanga, Kigoma)
Wakuu, salaam. Mjini hapa ukimwambia fundi redio imekata sauti, jibu la haraka ni "hii imekufa bosi, tafuta nyingine". Sikubaliani nalo. Redio inayowaka, inayoonyesha namba na kusoma flashi bado ina uhai. Kazi ni kujua sauti inapotelea wapi.

Yangu ilikata ghafla nikitokea Uvinza, spika zote nne kwa mpigo. Spika nne haziungui sekunde moja, kwa hiyo macho yakahamia kwenye redio na nyaya zake. Nikampata fundi, kijana mtulivu. Akachomoa nyaya zote za spika nyuma ya redio, akachukua spika yake ya kujaribia, akaiunga moja kwa moja. Ikaimba! Akaanza kurudisha spika moja moja, na alipofika ya mlango wa dereva, kimya tena. Waya ulikuwa umechubuka ndani ya ule mpira unaotoka kwenye nguzo kuingia mlangoni, unagusa bodi, yaani chuma cha gari. Redio nyingi za siku hizi waya mmoja wa spika ukigusa bodi zinajilinda, zinafunga sauti yote.

Leteni zenu. Taja gari, dalili na kilichopatikana. "Peleka kwa fundi" siyo uzoefu.

Mama Mawese (Ujiji)
Mimi ni Probox, nabebea madumu ya mawese. Amplifaya, kile kikuza sauti, imefungwa nyuma ya kiti. Siku hiyo muziki ukakata, taa ya amplifaya ikatoka kijani ikawa nyekundu. Mafundi walicheka wakasema mama umeinywesha mafuta. Wala! Dumu lilikuwa limelalia waya wa sabufa mpaka gamba likapasuka, shaba ikagusa chuma.

Kilichonisaidia ni jaribio dogo sana: zima, chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, washa tena. Taa ikirudi kijani, ugomvi uko kwenye spika au waya wake. Ikibaki nyekundu na hakuna spika hata moja, basi kagua waya wake wa umeme na ule wa bodi, na vikiwa sawa amplifaya yenyewe inaumwa. Na kama taa haiwaki kabisa, fuata fyuzi yake kubwa kule karibu na betri, halafu ule waya wa bluu wenye mstari mweupe unaotoka kwenye redio. Huo ndio unaoiamsha amplifaya. Ukichomoka, redio inacheza peke yake kama kawaida na wewe husikii kitu.

Dada wa Gungu
Mie kwangu mtoto aliachwa kiti cha mbele tukiwa sokoni. Alisogeza sauti yote ikaenda spika za nyuma, na gari langu nyuma halina spika! Kabla hamjafungua dashibodi angalieni feda (mgawanyo wa sauti mbele na nyuma), balansi (kushoto na kulia), na kitufe cha kunyamazisha.

Nyuki wa Sikonge (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Yangu ni ya lori la zamani la kubebea tumbaku. Mwenye lori alinunua redio mpya, ikafungwa Tabora mjini, ikaimba kidogo tukiwa bado hatujaimaliza Ipuli, ikanyamaza. Wakabadilisha redio, ya pili nayo ikanyamaza. Hapo tajiri akaanza kuniangalia mimi.

Mzee mmoja fundi umeme ndiye aliyetegua kitendawili. Magari ya zamani yalikuwa yanafungwa kwa kubania matumizi ya waya: spika inapata waya mmoja kutoka kwenye redio, upande wa pili unapigwa bodi. Redio za zamani zilivumilia. Za sasa kila spika inataka nyaya zake mbili mpaka kwenye redio, hakuna hasi ya kupiga bodi. Akanionyesha kwa mita: redio ikiwa imewashwa, waya wa chanya na wa hasi wa spika kila mmoja unasoma karibu volti 6 ukipima na bodi, yaani nusu ya betri. Sasa ukiuchukua waya wenye volti 6 ukaupiga bodi unategemea nini? Ya kwanza ilikuwa imeungua kweli, ya pili ilikuwa inajilinda tu. Tukavuta nyaya mpya mpaka kwenye spika, mpaka leo inaimba.

Huyo mzee hapimi kitu kabla hajauliza maswali. Zote zimekata au moja? FM tu au na flashi? Ilikata ghafla au ilikuwa inakwaruza kwanza? Vijana wengi wanaanza na bisibisi.

Mwembe wa Isevya
Hilo swali la FM ni la msingi. Gari la Japani, redio yake asili mara nyingi inashika FM megahezi 76 mpaka 90 tu, kwa hiyo wanafunga kile kikopo cha kuongeza masafa. Changu kilikosa umeme, FM yote ikawa shshshsh, flashi inacheza safi. Kikiwa cha kushusha 12, stesheni ya 98.5 unaipata kwenye 86.5, kwa hiyo kikifa usizunguke kutafuta.

Mlinzi wa Reli (Kaliua)
Kama imethibitika kipande cha kusukuma spika ndani ya redio kimeungua, msitupe. Nyuma ya redio nyingi kuna zile tundu za mviringo za kutolea sauti, nyekundu na nyeupe. Mara nyingi zinabaki nzima. Mimi nilifunga amplifaya ndogo ya mtumba, nikachukulia sauti hapo.

Spika nayo unaipima bila mita: ichomoe kwenye redio, gusa nyaya zake kwa betri ya rimoti ya volti 1.5. Ikitoa "tap" iko hai. Kama mita unayo, spika ya omu 4 itasoma 3 na ushee. Isiposoma kitu, imekatika ndani.

Kijana wa Buzebazeba
Yangu hata haiwaki, na chaja ya simu nayo imekufa. Kuna jamaa kaniambia nizungushie fyuzi ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Mgebuka Mkavu
Usithubutu mkuu, utachoma gari. Magari mengi redio na tundu la chaja vinakula fyuzi moja. Angalia kwanza kama kuna sarafu imedumbukia kwenye hilo tundu. Itoe, weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Ikikata tena, usiongeze ampea, kuna waya unagusana.

Kijana wa Buzebazeba
Imo kweli! Sarafu nzima.

Dada wa Gungu
😂 Watoto wangu walipita huko?

Mwembe wa Isevya
Mgebuka, huyo kijana wako mtulivu yupo pande zipi? Nakuja Kigoma kufuata dagaa, na Noah yangu inakata sauti kila nikipita kwenye rasta za barabarani.

Mgebuka Mkavu
Inayokata kwenye rasta mara nyingi ni waya uliolegea. Kagua kwanza ule mweusi wa bodi nyuma ya redio, kaza nati yake, kwangua kutu mpaka chuma king'ae. Ikiendelea, njoo inboksi nikuelekeze kwake. Namba za watu hatuziweki hapa.