Grupu la Ukoo: Twaha na dalili za usonji

Mama Twaha: Shikamoo mama. Hamjambo wote. Leo tumempeleka Twaha kliniki. Daktari ametuuliza maswali 20 ya ndiyo na hapana, akamwangalia anavyocheza, kisha akasema anaona dalili za usonji (autism), yaani ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti inayogusa mawasiliano yake na watu. Ametuandikia apimwe masikio kwanza, halafu aonwe na mtaalamu wa makuzi ya watoto. Nimeona mlisikie kwangu mimi mwenyewe.

Bibi: Marahaba mwanangu. Huyu mtoto si mzima? Anakula, anakimbia nyumba nzima. Baba yake naye alichelewa kusema, na leo anasema. Mwacheni, atasema.

Baba Mdogo Kassim: Pole sana shemeji. Kuna ujumbe nimetumiwa, unasema chanjo ya surua ndiyo inayoleta. Ngoja niuweke hapa.

Shangazi Saumu: Kassim, usiuweke, tafadhali. Habari hiyo ina mwanzo wake. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12 tu, akaitilia shaka chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadaye ikajulikana kuwa taarifa za watoto wale zilipindishwa. Jarida la The Lancet lililokuwa limeichapisha likaifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019: waliochanjwa hawakuwazidi wasiochanjwa kwa usonji. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu chanjo hiyo huchomwa karibu na umri uleule ambao dalili huanza kuonekana. Na surua inaua watoto.

Baba Mdogo Kassim: Nimekuelewa dada, nimeufuta. Sasa chanzo ni nini?

Shangazi Saumu: Hakuna kitu kimoja. Sehemu kubwa ni urithi, na ubongo huanza kujengeka tofauti mtoto akiwa bado tumboni. Wifi, hili nakwambia wewe: si malezi yako. Zamani walikuwepo wataalamu waliowatwisha kina mama lawama, eti mama asiye na mapenzi ndiye anayemfanya mtoto awe hivyo. Fikra hiyo ilishatupwa kitambo.

Mama Twaha: Asante wifi. Kuna mtu alishaniambia ni kwa sababu nilirudi kazini mapema. Nimelibeba hilo miezi.

Shangazi Saumu: Litue leo.

Bibi: Saumu, mimi sibishani na daktari. Nauliza tu, kuchelewa kusema ndiyo kuumwa?

Shangazi Saumu: Hapana mama, kuchelewa kusema peke yake si usonji. Wapo wanaochelewa tu, na wapo ambao hawasikii vizuri, ndiyo maana daktari ameanza na masikio. Lakini mtoto aliyechelewa kusema tu anakuonyesha kitu kwa kidole. Akiona paka anapita, anakugeukia usoni kuhakikisha na wewe umemwona. Wifi, Twaha akitaka maji anafanyaje?

Mama Twaha: Ananishika kifundo cha mkono, ananivuta mpaka kwenye kabati la vikombe, anauweka mkono wangu juu ya mlango wa kabati. Hanitazami. Kidole hajawahi kunyoosha. Na alikuwa na maneno, "mama", "maji", "twende". Yakapotea moja moja kabla hajafika miaka 2.

Shangazi Saumu: Maneno yakipotea hatusubiri. Mtoto wa umri wowote akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiacha kuitika jina lake, anapelekwa. Na hata asipopoteza kitu: ametimiza mwaka hanyooshi kidole wala hapungi mkono, miezi 16 hana neno hata moja, miaka 2 hajaunga maneno mawili, apelekwe. Ukimpeleka akakutwa mzima, hukupoteza kitu.

Baba Twaha: Mimi nilichokiona ni vifuniko vya chupa. Anavipanga kwenye ukingo wa zulia, vyekundu peke yake, vya bluu peke yake. Kimoja kikisogea analia mpaka anatapika. Jirani anasema ni ukaidi, nimtandike. Sijamtandika na sitamtandika.

Idi: Baba Twaha, hapo umefanya jambo kubwa. Mnajua mimi nilipimwa nikakutwa na usonji nikiwa mtu mzima tayari. Nilipokuwa mdogo mlio wa blenda ulikuwa unaniingia mpaka kwenye meno. Ulikuwa unauma kabisa. Vitu vikikaa kwa mpangilio ndipo nilipopata nafuu, kwa sababu angalau kitu kimoja nilijua kitakuwaje. Na kile kilio si cha kutaka kitu. Anayelilia pipi ukimpa ananyamaza, tena huku analia anakuchungulia kama unamwona. Mtoto aliyezidiwa hata umpe nini haachi. Zima redio, punguza taa, watu watoke, wewe kaa karibu kimya. Kumsemesha sana kunamwongezea mzigo.

Bibi: Idi! Kumbe ndiyo maana wageni wakija ulikuwa unaingia chini ya meza.

Idi: Ndiyo bibi. Na wewe hukunitoa. Uliniwekea mto kule chini. Sijasahau mpaka leo.

Baba Mdogo Kassim: Dawa yake ipo?

Shangazi Saumu: Ya kuuondoa usonji haipo, na anayekuuzia anakuibia. Wapo hata wanaowanywesha watoto klorini dioksaidi, kemikali kali ya kung'arishia vitu, jambo la hatari kabisa. Dawa zipo za mambo yanayoandamana nao: kifafa, kukosa usingizi, ule mhangaiko wa kushindwa kutulia unaoitwa ADHD. Kinachomsaidia mtoto ni kufundishwa mawasiliano, na hiyo mnaweza kuianza leo nyumbani bila kusubiri barua ya mtaalamu. Foleni zao ni ndefu.

Mama Twaha: Tuanzie wapi?

Shangazi Saumu: Kwenye lile kabati. Akikuvuta, nenda naye, chuchumaa uso wako uwe usawa wa wake, shika kikombe, sema "maji". Neno moja. Kisha nyamaza, uhesabu moyoni mpaka tano. Akitoa sauti yoyote, akikutupia jicho, akigusa kikombe, mpe hapohapo. Asipofanya chochote, mpe vilevile, usimnyime maji kwa ajili ya somo. Bandika pia picha ya kikombe mlangoni mwa kabati, aiguse akitaka. Watu huogopa kuwa picha zitamfanya asiseme. Hazizuii maneno, na wengine huwasaidia kuyafikia. Na vile vifuniko, Baba Twaha, usivinyang'anye. Vishike wewe, umpe kimoja kimoja apange. Hapo mnacheza wawili.

Baba Twaha: Hilo naliweza usiku huuhuu.

Mama Twaha: Na mdogo wake je? Raya ana miezi 8. Naogopa hata kumwangalia.

Shangazi Saumu: Mwangalie kwa furaha wifi, ila mwangalie. Mtoto mwenye kaka au dada mwenye usonji ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 5. Mwambieni daktari kuwa yupo, wamfuatilie mapema. Na kwa sababu ni msichana, msikubali kuambiwa "mpole tu, ana aibu". Wasichana wengi hujifunza kuficha, wakagunduliwa wakiwa wakubwa.

Bibi: Mimi nakuja Jumamosi. Nikimwita jina asipoitika, nifanyeje sasa?

Shangazi Saumu: Jina mwite mama, lakini si kwa kupaza sauti kutoka mlangoni. Msogelee, kaa chini mbele yake, ndipo useme "Twaha". Usimkumbatie kwa ghafla, mngoje akusogelee yeye.

Bibi: Chini nitakaa, mtanishika mkono kuinuka. Mniletee na hivyo vifuniko.