Kuchukua damu California au diploma ya maabara Unguja?

Mama wa Chake: Assalaam alaykum. Binti wa marehemu kaka yangu anaitwa na mjomba wake aliyeko California akasomee kuchukua damu katika chuo cha jamii cha huko, nami naona bora asome diploma ya maabara ya miaka 3 Unguja. Ipi ina manufaa zaidi?

Kijana wa Wete: Wa alaykum salaam, Bi Mkubwa. Umetueleza nusu. Kemia na Biolojia amepata nini? Ana viza gani? Akimaliza atarudi?

Wa Maabara: Kozi ya California si ya kubezwa: saa 40 za darasani, saa 40 za vitendo, na hapati leseni mpaka awe amechoma mishipa isiyopungua 50 na ngozi mara 10, kisha afaulu mtihani. Ila akirudi nayo Pemba, kwetu kazi hiyo hufanywa na watu wa maabara na wauguzi, wala si kada ya peke yake.

Pweza wa Mkoani: Niruhusuni nieleze yaliyompata mama yangu. Katika kituo kimoja, nisichokitaja, kijana alimfunga mpira mkononi, akaondoka kutafuta sindano, akarudi vidole vimeshageuka rangi. Kisha, chupa ya kifuniko chekundu ilipopungua damu, akaiongezea kwa kumimina kutoka ya zambarau. Majibu yakaonyesha potasiamu iko juu mno. Tukapanda meli ya usiku, mama akitapika njia nzima, na Unguja alipotolewa damu upya, potasiamu ikawa ya kawaida.

Wa Maabara: Chupa ya zambarau ina chumvi ya potasiamu ya kuzuia damu isigande, ndiyo maana nyekundu hujazwa kwanza. Mpira nao haufai kuzidi dakika 1.

Kijana wa Wete: Huyo kijana alikuwa na cheti au diploma?

Pweza wa Mkoani: Diploma. Ilikuwa imetundikwa ukutani.

Kijana wa Wete: Basi tatizo si miaka. Na mzee mwenye mishipa myembamba huchomwa sindano ya kipepeo, ile nyembamba yenye mabawa na mrija.

Wa Maabara: Si lazima. Mkono mzuri hautegemei kipepeo.

Mama wa Chake: Ahsanteni. Biolojia ana C, Kemia D. Habari ya viza sijamwuliza mjomba wake. Hiyo sindano ya kipepeo, mtu anaweza kuiomba mwenyewe? Nina kipimo Jumatatu.