Bibi wa Mbweni anakuja Uingereza: tumpokeeje?

Kutoka: Mjukuu wa Mbweni, Reading

Shikamooni wakubwa zetu, na wenzangu habari za kazi.

Naomba mawazo yenu. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea mpaka nikamaliza skuli, amekubali kuja kututembelea. Ameshapita miaka sabini na hajapanda ndege hata siku moja. Safari yake ndefu kabisa ni boti ya Dar. Maisha yake ni nyumba, watoto, wajukuu na kanisa. Anasali kabla ya kuwasha moto wa chai, Jumapili yuko kanisa la Mtakatifu Yohana pale Mbweni, Zanzibar, na sikukuu kubwa hakosi kanisa kuu la Mkunazini. Kiingereza chake ni salamu tu. Presha anayo na dawa anatumia.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi, watoto wanakwenda skuli. Sitaki aje akae ndani peke yake anatazama dirisha. Waliokwisha kuwaleta wazee wao nipeni ukweli: viza, hospitali, baridi, kanisa, yote. Nikimuuliza mwenyewe anataka nini ananiambia anataka kutuona tu, mengine Mungu atajaalia. Basi kazi ya kufikiri imebaki kwangu.

Kutoka: Mama wa Kikwajuni, London

Marahaba mwanangu, na hongera. Wengi tunasema "nitamleta bibi" mpaka bibi anaondoka duniani.

Nianze na viza maana ndiyo mlango. Anayohitaji ni ile ya mgeni wa kawaida, miezi sita kwa safari. Zipo za miaka 2, 5 na 10, lakini hata hizo kila anapoingia asizidi miezi sita. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, unajaza kwenye intaneti, kisha bibi avuke kwenda Dar es Salaam kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Msimvushe na kumrudisha siku hiyo hiyo, alale kwa ndugu. Jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Ada inabadilika, itazame kwenye tovuti ya serikali yenyewe, si kwa mtu wa kati.

Watu wanahangaika kuonyesha kwamba mwenyeji ana pesa, wakasahau kwamba afisa anataka kujua kama huyu mzee atarudi kwao. Kwa hiyo yaoneshe maisha yake. Hati ya nyumba au kiwanja. Pensheni Jamii, ile ambayo serikali ya Zanzibar imekuwa ikiwapa wazee wote waliotimiza miaka 70 toka mwaka 2016. Barua ya sheha. Barua ya padri inayosema huyu ni mama wa kanisa, ana nafasi yake pale na anasubiriwa. Wajukuu wengine anaoishi nao. Karatasi yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza yenye tarehe, saini na anuani ya mfasiri. Na wewe andika barua yako ya mwaliko: atalala chumba gani, nani analipa tiketi, anarudi lini.

Kumleta akae moja kwa moja ni habari nyingine kabisa. Toka kanuni za Julai 2012, ni lazima mzee awe hawezi kujihudumia mambo ya kila siku, na huduma hiyo isipatikane kwao hata kwa kulipia. Wachache sana wanapita. Usimpe matumaini hayo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Usimlete bibi awe yaya. Kanuni zinamruhusu ndugu aliyekuja kutembea aangalie mtoto, mradi isigeuke ajira. Mimi naliangalia upande wa utu. Nimeona bibi za watu hapa wanapokewa kwa maua uwanja wa ndege, wiki ya pili wako peke yao na mtoto wa mwaka mmoja toka asubuhi mpaka magharibi, simu hawajui kuitumia, mlango hawajui kuufunga kwa nje. Mzee wa Kikristo wa kwetu halalamiki. Atasema ameridhika, atasali, atanyamaza. Ukimya wake usiuhesabu kuwa raha.

Lakini pia usimkalishe kwenye kochi kama mgeni wa harusi. Hapo ndipo wengi wenye nia njema wanapomuumiza. Bibi yako siku zote yeye ndiye anayetoa: anapika, anamtazama mgonjwa, anampelekea jirani sahani, anawaombea watu kwa majina. Mnyime hayo na atajiona mzigo. Mpe jiko.

Ila mfundishe jiko lenyewe, na ukae naye. Haya majiko ya kioo hayaonyeshi moto, na mtu wa seredani ya makaa hajui lini chuma kimeshika joto. Mimi na mama mkwe tulianza na mkate wa ufuta. Kikaango kizito, bila tone la mafuta, unga umeshaumuka kwa hamira na tui. Akautandaza kwa kiganja chenye maji, akamwaga ufuta. Chini uliposhika, badala ya kukigeuza kikaango juu ya makaa, tukakisukuma chini ya moto wa juu wa oveni, mlango wazi, yeye ameinama anachungulia. Ufuta ulipoanza kudunda na kunukia akasema "toa." Toka siku ile oveni ikawa yake. Mkate wa pili akaniamuru nimpelekee yule mzee wa Kiingereza wa nyumba ya pili ambaye mimi nilikuwa nampungia mkono tu.

Kutoka: Nesi, Leeds

Shikamoo Mama. Naongeza ya hospitali kwa ufupi, nipo zamu ya usiku.

Kwa hapa England, mgeni wa viza hatozwi kwa kumuona daktari wa mtaa wala kwa matibabu ya chumba cha dharura. Akilazwa ndipo bili inapoanza, na anatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Deni la kuanzia pauni 500 lisipolipwa kwa miezi miwili linaweza kupelekwa uhamiaji na likamharibia viza za baadaye. Kwa hiyo bima ya safari usiiache, na presha uitaje waziwazi unapoinunua. Ukiificha, siku ya tatizo hawalipi.

Dawa zije kwenye maboksi yake, kwenye begi la mkononi, za kutosha muda wote na akiba kidogo, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina ya dawa. Unapokata tiketi mwombee kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Atapata mtu wa kumpokea kila kiwanja, na kwa asiyejua lugha huo ndio ulinzi wenyewe.

Nyumba isishuke chini ya nyuzi 18. Wazee wakisikia baridi hawanywi maji, muwekee chupa ya chai karibu. Na ngazi! Nyumba ya Mbweni haina ghorofa, ya kwako nadhani inayo. Kanga ndefu na ngazi zenye zulia ni hatari. Aipandishe kiunoni, mkono kwenye kishikio. Taa ya kuelekea msalani iwake usiku kucha.

Kutoka: Mzee wa Mkunazini, Leicester

Amani kwenu nyote. Mjukuu, umetaja kanisa mwishoni kwenye orodha yako, mimi nitalitanguliza.

Kanisa la Uingereza lina makanisa ya namna nyingi, na usimpeleke bibi la karibu kwa sababu tu ni la karibu. Yeye kalelewa katika Uanglikana wa Zanzibar uliopandwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza: misa ya kuimba, ubani, kengele, kuungama, kumheshimu Mama Maria. Ndio ule alioutetea Askofu Frank Weston, askofu wa Zanzibar toka 1908 mpaka alipofariki 1924. Sasa mzee huyu umkalishe kwenye ukumbi wa viti vya plastiki, gitaa na maneno ukutani, hata kama watu wake wanampenda Mungu kwa dhati, atakaa kwa adabu na hatosema kitu, lakini moyoni hajasali. Piga simu parokia mbili tatu, uliza maswali mawili: mnatumia ubani? misa yenu ni ya kuimba? Utapata.

Lugha isikutishe. Mpangilio wa misa ni ule ule. Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo. Aje na kitabu chake cha sala cha Kiswahili, atajua padri amefika wapi kwa kuona mikono yake. Na somo la siku msomeeni nyumbani Jumamosi jioni kwenye Biblia yake, ili Jumapili akisikia jina la nabii ajue habari ni ipi. Hilo nalo wape watoto wako, wasome wao. Kiswahili chao kitapona.

Muandikie padri kabla hajafika. Mwambie anakuja mama wa kanisa kutoka Zanzibar, amepata kipaimara, anapokea komunyo. Kama yumo Umoja wa Akina Mama aje na barua ya tawi lake. Umoja huo ulianzia hapa hapa Uingereza mwaka 1876, ulianzishwa na Mary Sumner, mke wa padri wa kijijini. Parokia nyingi zina tawi, na kazi ya akina mama wale ni hizi hizi za bibi yako: chai, wagonjwa, nguo za watoto, sala. Hatokuwa mgeni kwa shughuli hata akiwa mgeni kwa maneno.

Watamuuliza habari za kwao, maana waumini wengi hapa wamesikia habari za kanisa kuu la Mkunazini. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, pale pale kwenye soko. Askofu Steere, aliyelijenga na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare. Na Mbweni yenyewe ilikuwa shamba la misheni walikopewa makao watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Bibi akisimama kuyasema haya mbele ya watu, nawe unatafsiri, ni ushahidi mkubwa. Lakini muulize kwanza faragha kama anapenda. Hili la wazee wetu walifikaje Mbweni si kila mtu anataka kulisema hadharani, na wengine hawajawahi kulisema hata kwa watoto wao. Akikataa, usimsukume.

Kutoka: Jirani wa zamani, Slough

Asalaam aleykum na hamjambo nyote.

Dada, mimi Muislamu, nimekulia Mbweni, na sikuona hata mmoja aliyetaja watu wa kwao. Wazanzibari waliojaa mitaa hii wengi wetu Waislamu, na bibi yako atatuhitaji. Kanisani atapata komunyo. Kwetu atapata mtu wa kumuuliza bei ya pweza soko la Darajani na kucheka naye mpaka machozi.

Mtaani petu alikuwepo bibi mmoja wa Kikristo, Mungu amrehemu. Mwezi wa Ramadhani hakukaanga kitu mchana harufu ikatoka nje, na jioni bakuli lake la tambi za sukari lilikuwa linapita uani kwetu kabla ya adhana. Krismasi pilau yake tulikula sote, mbuzi kachinjwa na babu yangu. Sasa leo bibi wa namna hiyo yuko Reading, nusu saa kutoka kwangu, halafu ashinde peke yake?

Mimi Alhamisi sifanyi kazi. Tunakutana akina mama watano sita, tunapika, tunasuka mikeka ya plastiki, tunasengenya kidogo. Nitakuja kumchukua na kumrudisha kabla watoto hawajatoka skuli. Nazi iliyokunwa ipo ya barafu maduka ya Kihindi, muhogo upo, majani ya muhogo yapo. Muandikie tu aje na hiliki na mdalasini, karafuu za Pemba akipata. Nyama na maziwa asibebe, zinachukuliwa uwanja wa ndege.

Kutoka: Mjukuu wa Mbweni, Reading

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea bibi kwenye simu barua zenu zote, kwa utaratibu, na majibu nimeyapata safari hii.

Atakuja baada ya Pasaka na kurudi kabla ya baridi kuanza, maana amesema wazi kwamba Krismasi anaisalia Mkunazini na hapo hapana mjadala. Kanisa lenye ubani limepatikana, si mbali, basi moja tu. Padri amejibu siku hiyo hiyo. Kuhusu kusema habari za Mbweni mbele ya watu, amenyamaza kidogo, kisha akasema atawaambia kwanza wanangu, halafu ataona.

Mama wa Kikwajuni, nimemuuliza mume wangu, wiki mbili za mwanzo atachukua likizo yeye, za pili mimi. Watoto wataendelea na mlezi wao kama kawaida, bibi atakuwa bibi.

Dada wa Slough, bibi anauliza wewe ni wa nyumba ipi, ya kwenye muembe au ya karibu na pwani? Anasema kama ni ya kwenye muembe, mama yako anamjua. Naomba uniandikie pembeni namba yako. Na mbuzi ya nazi ameng'ang'ania kuja nayo, za barafu hazitaki. Nimemwambia aitie kwenye sanduku la kupakia, asije nayo mkononi, ule ulimi wake watamnyang'anya.