Wapiga picha wa harusi, "maharusi walisogea" si utetezi. Flashi mnayo, jifunzeni kuitumia

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira na sitaupamba.

Kamati inahangaika na michango, mpiga picha anachukua kianzio chake, halafu albamu inakuja na bwana harusi mwenye pua mbili. Ukiuliza unaambiwa "mlikuwa mnacheza sana". Watu wameitwa kucheza! Kuwagandisha ni kazi uliyolipwa wewe.

Tatizo ni ule msemo mnaofundishana kwamba flashi inagandisha mwendo. Inagandisha pale tu inapokuwa ndiyo mwanga mkuu. Kila picha ya flashi ni picha mbili zilizolaliana: moja ya flashi, ya kufumba na kufumbua, na nyingine ya taa za ukumbi, inayoendelea kuingia muda wote shata (mlango wa mwanga ndani ya kamera) iko wazi. Ukiweka shata 1/60 ya sekunde na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200 mbele ya taa za jukwaa, hiyo ya pili ndiyo inayochora mizimu, yaani vivuli vya watu waliosogea. Kuipima ni rahisi: zima flashi, piga kwa mpangilio ule ule. Ikitoka karibu nyeusi, endelea. Ukiona watu, hao ndio mizimu wa albamu yako. Panda hadi 1/200, shusha ISO au bana tundu la lenzi mpaka taa za ukumbi ziwe stopu 2 hadi 3 chini ya flashi (kila stopu ni kupunguza mwanga nusu).

Usivuke hiyo 1/200 kiholela. Kamera nyingi zinaoana na flashi mwisho 1/200 au 1/250. Ukizidisha kwa triga (kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali) ya bei chee isiyowasiliana na kamera, pazia la shata linakuwa limeshaanza kufunika sensa (kinasa picha cha kamera), unapata ukanda mweusi pembeni. Na HSS (mfumo wa flashi kuruhusu shata ya kasi zaidi ya hapo) ndani ya ukumbi wenye giza ni kuchoma betri bure: flashi inagawa nguvu yake kwa mapigo mengi, mwanga unapungua stopu 2 au zaidi, na kinachogandisha hapo ni shata, si flashi.

Sasa shampeni. Povu linaruka, kizibo kinapaa, na mtu ameweka flashi nguvu zote. Flashi ya juu ya kamera ikiwa nguvu zote ndipo inapowaka kwa muda mrefu zaidi. Nikon SB-910 kwa mfano ni 1/880 ya sekunde ikiwa nguvu zote, lakini ukishuka hadi 1/16 ya nguvu inakuwa 1/10000 ya sekunde. Kwa mchezaji dansi 1/880 inatosha, kwa matone haitoshi. Msaidizi aishike flashi karibu: umbali ukipungua nusu, mwanga unaongezeka mara 4, kwa hiyo unashusha nguvu kutoka 1/4 hadi 1/16 bila kugusa kingine. Ila flashi nyingi za studio za zamani ni kinyume, ukipunguza nguvu muda unarefuka. Soma kitabu chake kabla ya kubeba.

Mnaopenda michirizi ya mwanga, sawa, shata 1/15 au 1/30, lakini flashi iwake kwenye pazia la pili, yaani mwishoni, shata ikikaribia kufunga. Ikiwaka kwenye la kwanza, shata inapofunguka tu, michirizi inatangulia mbele ya bibi harusi na anaonekana anarudi kinyumenyume.

Betri nazo! Alikalaini za dukani zinachelewa kuijaza flashi, nyinyi mnaendelea kubonyeza, picha ya tatu inatoka giza kwenye tukio lisilorudiwa. Nunueni NiMH (betri za kuchaji), seti ya 4 kwenye flashi na seti mbili mfukoni zilizochajiwa.

Kamati za harusi, kabla ya kutoa kianzio msikubali kuonyeshwa picha tatu za Instagram. Daini picha zote za maharusi wakiingia ukumbini, kwa mfuatano, kutoka sherehe moja. Akikataa, tafuteni mwingine.