SMIG ya Lubumbashi, Kitwe ao Dar: wapi mutu anabakiza kitu?

Kijana_wa_Katuba
Bakubwa, ninaomba mawazo yenu. Niko na miaka 27, naishi Katuba na muke wangu na mutoto 1. Nimepata kazi mu depo moja hapa Lubumbashi, bosi anasema atalipa kufuata SMIG, kima cha chini cha mushahara hapa Kongo. Mujomba naye ananiita Kitwe, Zambia, na rafiki yuko Dar anasema huko kima cha chini kiko juu sana. SMIG yetu ilikaa franka 7,075 kwa siku tangu 2018, dekre (amri ya serikali) ya Mei 2025 ikapandisha 14,500 na kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Siku 26 za kazi kwa mwezi njo 559,000. Naona muzuri, lakini nikitosha nyumba, unga, makala ya kupikia na bisi, kinabaki nini?

Mama_Ruashi
Mwanangu, sikiliza hii mbele ya kufikiria Kitwe. SMIG ni feza ya kazi tupu. Nyumba, hospitali na transpoti bosi analipa kando, sheria ya kazi njo inasema hivyo. Mimi nilifanya miaka 9 mu magazini moja, walinisainisha "vyote viko ndani" na sikujua kitu, mutoto akashikwa na malaria ya nguvu nikauzisha mashini yangu ya kushona ili nilipe hospitali. Kisha jirani akanionyesha sheria, nikalia. Lomba kontra, ile karatasi ya mapatano ya kazi, soma mustari kwa mustari.

Tumba_Kitwe
Kaka, mimi ni mwana wa Lubumbashi, nimeolewa huku. Zambia hakuna namba 1 ya watu wote, inafuata aina ya kazi, kwa mfano mfanyakazi wa nyumbani ni kwacha 1,300 kwa mwezi tangu Januari 2024. Unga huku ni nafuu kuliko kwenu, maana mwingi mnaokula unapitia mpaka wa Kasumbalesa na kila anayeushika njiani anaongeza chake. Lakini usifikiri ni mbinguni, 2024 ukame ulipopiga na maji ya bwawa la umeme la Kariba yakashuka sana, tulikuwa tunapata umeme masaa machache usiku, shemeji yangu wa saluni alikuwa ananyoa watu saa 8 za usiku. Na bila permi (kibali) ya kazi hiyo kima haikulindi, bosi anakupa anachotaka na utanyamaza. Muulize mujomba kwanza nani atalipia permi.

Mbezi_Dar
Ndugu, huyo rafiki yako nadhani anasema ile shilingi 500,000 kwa mwezi, hiyo ni ya watumishi wa serikali, ilipanda toka 370,000 Julai 2025. Sekta binafsi kila sekta ina kiwango chake, na kazi za ndani ziko chini sana. Kitu kitakachokuumiza ni nyumba. Lubumbashi unatoa garanti, pesa ya dhamana, lakini ukihama unarudishiwa, mimi nilipofika hapa mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo na hiyo hairudi, nikalala kwa watu miezi 3 nikichanga.

Kamalondo_Kwetu
Hizi namba za sheria msizilinganishe bule. Uganda kima kiko shilingi 6,000 kwa mwezi tangu 1984, Rwanda faranga 100 kwa siku, na hakuna anayeishi na hiyo. Hesabu kwa chungu. Kwangu tuko 6, mufuko wa unga wa kilo 25 unaisha siku 12, feza ikikatika bibi ananunua kwa meka, kile chombo kidogo cha kupimia, na hapo njo tunalipa zaidi, kidogo kidogo. Makala hivyo hivyo. Kwa hiyo uliza siku ya kulipwa pia, mshahara ukichelewa wiki 2 unakula kwa meka mwezi muzima. Na dola ilivyoshuka mwisho wa 2025, waliolipwa kwa dola walipata franka kidogo na soko halikushusha bei sawasawa. Kodi yako ni ya dola ao franka?

Kijana_wa_Katuba
Ya dola, yaya. Nimesoma tena kontra. Iko mustari 1 tu, "559,000, vyote ndani". Nyumba hakuna, transpoti hakuna, na kutoka Katuba ni bisi 2 kwenda, 2 kurudi. Kesho asubuhi narudia kwa bosi. Mama, ile artikle ya sheria ya kazi ni ya ngapi?

Mama_Ruashi
Ya 7. Nyumba, hospitali, posho ya batoto, transpoti, vyote viko inje ya mshahara. Enda nayo kwa karatasi, na zungumuza polepole.