Tela la boti ya Baba

Kaka Mkubwa, 15:42
Assalaam alaykum wote. Tumesimama Kerege. Gurudumu la kushoto la tela linatoa moshi. Sisi wazima na boti nzima, tumevuta pembeni.

Mama Watoto, 15:42
Wanangu wako wapi?

Kaka Mkubwa, 15:43
Wameshuka, wako chini ya mwembe dukani. Hakuna aliyeumia.

Baba, 15:45
Pole mwanangu. Maji yanajaa magharibi, nilitaka tuishushe leo hii. Hapo hadi Bagamoyo mmeshafika. Mwagieni habu, pale katikati ya gurudumu, maji ipoe, tieni grisi, mje mdogo mdogo.

Mjomba Fundi, 15:46
Shemeji shikamoo. Nakuomba sana, wasisogee hata hatua moja. Na maji wasimwage. We kijana, madumu ya petroli yamo ndani ya boti?

Kaka Mkubwa, 15:46
Shikamoo mjomba. Mawili, ya lita 20.

Mjomba Fundi, 15:47
Marahaba. Yashushe sasa hivi, yapeleke mbali na hilo gurudumu. Likipoa fungua kifuniko cha habu, chota grisi kwa kidole, nipigie picha.

Shangazi Tanga, 15:50
Ya Rabbi. Poleni wanangu.

Kaka Mkubwa, 16:04
📷 Picha
Mjomba, grisi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Na ndani kuna vitu vinametameta kama magamba ya dagaa.

Mjomba Fundi, 16:09
Hiyo rangi ni maji. Hayo magamba ni chuma cha beringi yenyewe inayozungusha gurudumu, inajisaga. Nisikilizeni vizuri. Tela la boti si kama la kubebea mchanga, hili linaingizwa baharini mpaka ekseli. Habu imetoka barabarani ya moto, ukiizamisha kwenye maji baridi hewa ya ndani inanywea, inavuta maji kupitia sili, ule mpira wa kuziba, iliyochoka. Chumvi ikishaingia haitoki. Mwenye tela makini anasubiri habu zipoe kwanza, na akitoka baharini anaosha kwa maji baridi ya bomba. Huyu aliyekuuzia hakufanya hata moja. Beringi ikikwama ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linang'oka na kumfuata mtu asiyejua lolote, awe mwenye bodaboda au mtoto anayetoka shule. Ndiyo maana nakataa mdogo mdogo.

Sasa chukua bisibisi, lala pembeni, SI CHINI YA TELA, ugonge chasisi kwa upande wa chini, pale springi inapofungwa.

Kaka Mkubwa, 16:15
Bisibisi imeingia.

Kaka Mkubwa, 16:15
Imezama mpaka kwenye mpini, mjomba. Kutu inadondoka mabamba mabamba. Juu rangi nyeusi bado mpya, hata haijakauka vizuri kwenye kona.

Dada Tegeta, 16:17
Kaka, ulilikagua kabla ya kulipa?

Kaka Mkubwa, 16:19
Nilikagua. Nilizunguka, nikatikisa, nikaangalia tairi. Kashata, yale meno ya tairi, zimejaa. Chini sikuchungulia. Milioni mbili na laki nane, na nusu yake ni ya Baba. Naumia sana.

Mdogo Mwanza, 16:21
Kaka, ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne. Zisome.

Kaka Mkubwa, 16:23
2311.

Mdogo Mwanza, 16:24
Wiki ya 23 ya mwaka 2011. Kashata zimejaa kwa sababu lilikuwa limeegeshwa. Mpira umezeekea juani, hapo lazima kuna nyufa.

Kaka Mkubwa, 16:24
Zipo. Kucha inaingia.

Mjomba Fundi, 16:26
Na kichwa cha tela, pale linapodakia kokwa, lile tufe la chuma nyuma ya gari, kimeandikwa nini?

Kaka Mkubwa, 16:28
Inchi 2. Kokwa ya gari ni milimita 50.

Mjomba Fundi, 16:29
Inchi 2 ni milimita 50.8. Watu hulazimisha kwa sababu vinaingiliana, halafu kwenye tuta kichwa kinaruka. Minyororo ya usalama ipo?

Kaka Mkubwa, 16:29
Muuzaji aliifunga kwa waya.

Mama Watoto, 16:30
Watoto wanapanda daladala sasa hivi, warudi kwa Dada Tegeta. Nami natoka.

Dada Tegeta, 16:31
Nawasubiri stendi. Kaka, mliandikishana?

Kaka Mkubwa, 16:33
Serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti. Imeandikwa "tela zima, limefanyiwa matengenezo". Nimempigia muuzaji, anasema nililiona kwa macho yangu. Dalali hapokei.

Dada Tegeta, 16:35
Basi karatasi inatosha kuanzia. Piga picha kutu, grisi, tairi na huo waya kabla mtu hajagusa kitu. Usimtukane kwenye simu. Kesho asubuhi twende wote kwa mwenyekiti.

Baba, 16:38
Mjomba, fundi wa kuchomelea yupo hapo Kerege. Akipiga bati juu ya pale palipooza?

Mjomba Fundi, 16:40
Shemeji, atachomelea bati kwenye nini? Chuma cha kushikia hakipo. Litashika mpaka shimo la kwanza. Boti yako futi 19, mashine juu yake, hiyo ni zaidi ya kilo 600. Mimi mwenyewe nisingelichomelea hata ungenilipa mara mbili.

Baba, 16:47
Nimekuelewa. Ile boti nilimpakia mama yenu akiwa mgonjwa, ndiyo maana nina haraka ya kuiona majini. Lakini wajukuu walikuwa kwenye gari hilo hilo. Tafuteni kenta, gharama nalipa mimi. Tela libaki hapo hapo.

Kaka Mkubwa, 16:48
Nisamehe Baba.

Baba, 16:49
Hukuniibia. Umeibiwa. Chini ya boti wekeni tairi kuukuu na magunia ya makumbi, mkuku, ule uti wa chini wa boti, usikae kwenye bodi tupu. Na mtu yeyote asiingie chini ya tela wakati wa kunyanyua.

Kaka Mkubwa, 17:36
📷 Picha
Kenta imefika. Vijana tisa. Tumeweka mawe magurudumu yote mawili, jeki na gogo mbele.

Mjomba Fundi, 17:37
Nyanyueni kwa kuhesabu, nyuma kwanza. Mashine ing'olewe, ibebwe peke yake.

Dada Tegeta, 17:41
Watoto wamefika. Wanakula.

Kaka Mkubwa, 18:10
Imepanda. Tunafunga kamba za Baba.