Kuwa mwema kwenye kazi ya matangazo bila kuonewa: wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

MwanaMikindani
Wakuu, habari zenu. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, kila mwenye duka kuanzia Masasi hadi Nachingwea anataka bango, na ofisi zetu za matangazo zinaanza kunyang'anyana wateja. Hapo mtu mpole hubebeshwa kazi za wote, kisha anaambiwa hafai biashara. Naamini anaweza kudumu na akaheshimika. Habari za maisha yetu tuziweke pembeni, tupeane hatua zenyewe.

Fleksi_Ligula
Mkuu, wema unaanzia kwenye karatasi ya maelezo ya kazi. Mteja akisema "tatu kwa sita", muulize ni futi au mita kabla hujamkabidhi mbunifu, la sivyo mwenzako atachora upya usiku. Namba ya simu ya kwenye bango aiandike mteja mwenyewe, usiisikilize kwa sikio. Faili la kuchapa liwe CMYK, yaani mpangilio wa rangi za wino wa mashine. Likienda RGB, mpangilio wa rangi za skrini, nyekundu inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia na lawama zote humshukia mbunifu. Bango la mita 3 kwa 2 linatosha dpi 100 (nukta 100 kwa kila inchi) kwa kipimo halisi. Ukidai 300 unaikwamisha kompyuta ya mwenzako bure. Herufi zigeuzwe kuwa maumbo kabla faili halijaondoka, hasa likienda kuchapwa Dar, maana kompyuta isiyo na fonti ile, yaani mtindo ule wa herufi, huweka nyingine.

Na fundi wa kupandisha msimsahau, jamani. Kusi likivuma, bango lenye ringi nne tu (vile vitundu vya chuma vya kupitishia kamba) hubeba upepo wote kwenye pembe zake, ndiko linakoanza kuchanika, na fundi anaitwa mzembe. Kunja ukingo, weka ringi kila sentimita 50. Ngazi ikiegemea ukutani kwa kimo cha mita 4, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani, na mtu wa pili aishike. Nyaya za umeme zikiwa karibu, badilisha mahali. Kibali cha halmashauri kiwe mkononi, na kama ni hifadhi ya barabara kuu waulizeni TANROADS, wakala wa barabara, kwanza. Fundi alipwe siku hiyohiyo. Kumwambia asubiri mpaka mteja alipe ni kumkopa mtu mwenye kipato kidogo kuliko ofisi.

DadaWaRahaleo
Marekebisho ndiyo yanayowamaliza wapole. Kwenye profoma, ile ankara ya awali, andika wazi: raundi mbili zimo ndani ya bei, ya tatu inalipiwa. Mteja ateue msemaji mmoja, na maoni ya kila raundi yaje kwa ujumbe mmoja. Mume akitaka kijani na mkewe bluu, mbunifu anafanya kazi mbili kwa bei ya moja. Raundi zikiisha, mwandikie hivi: "Bosi, mabadiliko haya tunayaweza. Yamezidi raundi mbili tulizokubaliana, kwa hiyo nakutumia gharama yake kwanza, ukiridhia tunaanza leo." Umekuwa mpole na hujajipunja.

Msoma tangazo wa redio naye ana haki zake. Sekunde 30 zinabeba maneno 60 hivi ya Kiswahili. Ukimpa 90 atakimbia, tangazo halitasikika, na ataambiwa hajui kusoma. Mwandikie pia sauti yake itatumika wapi na kwa muda gani. Redio kwa miezi 3 ni bei moja, na ikipandishwa kwenye gari la matangazo ni makubaliano mengine.

BabuMabango
Wanangu, wema usiwe kushusha bei. Mteja akikosa hela, punguza idadi: mabango 10 yawe 6, ubora ubaki. Mkishindana kushusha, wa kwanza kukatwa ni kibarua. Kumbukeni pia kodi ya zuio: kampuni hukata asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwa hiyo ankara ya 1,000,000 kabla ya VAT huleta 950,000. Piga hesabu hiyo mapema, usije ukaifidia kwenye posho ya watu. Na daini hati ya makato.

Akija mteja na dizaini ya ofisi nyingine akitaka "uiguse kidogo", muulize kama ameimaliza kuilipia na kama ana faili la asili. Kama hajalipa, mrudishe kwa wenyewe. Mji wetu mdogo, kesho utawaazima mashine ya ringi.

KijanaWaTandahimba
Shikamoo babu. Na bosi akiwasilisha wazo la mtu kana kwamba ni lake?

BabuMabango
Marahaba. Kabla ya kikao, wazo litumwe kwenye kundi la kazi likiwa na tarehe na jina la aliyelitoa. Wewe mwenzake, zamu yako ya kusema ikifika, sema: "Hapa aliyebuni ataeleza vizuri zaidi," halafu unyamaze mpaka apewe nafasi.